Kwa nini wengi huchanjwa mara ya kwanza, kisha wakakwepa dozi ya pili

WAHENGA walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini katika suala la chanjo zinazotolewa kwa awamu mbili, Wakenya wengi wamekuwa wakivua nguo, wakatia mguu mmoja majini, kisha wakarejea ukingoni na kuvaa.

Hali hii imedhihirika katika chanjo tatu zilizolenga watu wa umri tofauti kabisa. Chanjo ya surua na rubela hupewa watoto wadogo. Ile ya kukinga saratani ya mlango wa uzazi ilipoanzishwa iliwalenga wasichana wa umri wa miaka 10. Ya Covid-19 ilianza na watu wazima. Katika zote tatu, walioitikia mwito wa pili walikuwa wachache kuliko walioitikia ule wa kwanza.

Tumezoea kuwatia watu hawa kapu moja na wale wanaopinga chanjo. Huko ni kukosea. Mtu aliyekwisha kupokea sindano ya kwanza hakuwa mpinzani. Aliamka mapema, akalipa nauli, akapanga foleni na akakubali kudungwa. Ikiwa hakurudi, basi kuna jambo lililotokea kati ya siku hiyo na siku aliyopangiwa. Jambo hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwani dawa ya aliyekataa katakata haiwezi kuwa dawa ya aliyekubali kisha akasita.

Mji wa Nakuru na viunga vyake ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi huo. Hapa kuna mitaa ya watu wa tabaka la wastani kama vile Section 58 na Milimani, mitaa yenye msongamano mkubwa kama vile Kaptembwo, Rhonda na Bondeni, na mashambani kuna wakulima wa Njoro, Molo na Kuresoi, bila kusahau maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha. Sababu za kusitasita katika maeneo haya hazifanani, ingawa matokeo yake ni yale yale.

Sindano mbili, kazi mbili

Kabla ya kuuliza kwa nini watu hawarudi, yafaa tuulize kwa nini wanaitwa tena. Swali hili mwananchi hulisikia likijibiwa kwa amri badala ya maelezo. Huambiwa arudi tarehe fulani, na tarehe hiyo huandikwa kwenye kadi, basi.

Ukweli ni kwamba dozi ya pili haina maana moja katika chanjo zote.

Katika chanjo nyingi, sindano ya kwanza huutambulisha mwili kwa adui. Chembechembe za kinga huyasoma maumbile yake na kutengeneza kingamwili za kwanza, ambazo aghalabu ni chache na hupungua baada ya muda. Sindano ya pili inapofika, mwili hukumbuka. Safari hii hujibu upesi zaidi, kwa nguvu zaidi, na kumbukumbu yake hudumu kwa muda mrefu. Chanjo ya Covid-19 ya AstraZeneca ilifanya kazi kwa njia hii.

Chanjo ya surua ni kisa kingine kabisa. Mtoto anayechanjwa na mwili wake ukaitikia hupata kinga ya muda mrefu kwa dozi hiyo moja. Tatizo ni kwamba si kila mtoto huitikia. Katika umri wa miezi tisa, ambao ndio umri wa dozi ya kwanza nchini Kenya, baadhi ya watoto bado wana mabaki ya kinga waliyorithi kwa mama zao wakiwa tumboni. Kinga hiyo huweza kuizima chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa sababu hiyo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi tisa, takriban 85 pekee ndio hupata kinga.

Mtu atauliza, mbona basi tusingoje hadi mtoto afikishe mwaka mmoja na nusu? Hatungoji kwa sababu surua huwaua zaidi watoto wachanga, na mahali ambapo ugonjwa huu ungali unazunguka, kungoja ni kuwaacha wazi katika kipindi kibaya zaidi cha maisha yao. Ndiposa mtoto hupewa dozi ya kwanza akiwa na miezi tisa na ya pili akiwa na miezi 18. Dozi hiyo ya pili, iliyoingizwa katika ratiba ya Kenya mwaka wa 2013, ni nafasi nyingine kwa wale 15 ambao ya kwanza haikuwashika. Mzazi hawezi kujua kama mwanawe yumo miongoni mwa 85 au miongoni mwa 15, kwa kuwa hakuna alama yoyote usoni au mwilini. Hivyo wote huitwa tena.

Hesabu hii ina uzito mkubwa. Surua ni miongoni mwa maradhi yanayoambukiza kwa kasi zaidi duniani. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu kati ya 12 na 18 wasio na kinga. Ili kuuzuia ugonjwa huu usienee, wataalamu hukadiria kwamba asilimia 95 ya watoto wapaswa kupata dozi zote mbili. Sasa chukua watoto 100 ambao 90 kati yao wamepata dozi ya kwanza pekee. Idadi hiyo husifiwa kuwa nzuri. Lakini ukitoa wale ambao miili yao haikuitikia, utabaki na watoto 76 hivi wenye kinga. Waliosalia 24 hawana. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni watoto 12, nao hukaa dawati moja na wenzao, wakashiriki kikombe na kupumua hewa moja.

Watoto wasio na kinga hurundikana mwaka baada ya mwaka mithili ya kuni kavu, na siku cheche inapoanguka, moto huwaka. Mwaka wa 2002 Kenya iliendesha kampeni kubwa ya kuwachanja watoto wa hadi miaka 14 dhidi ya surua, na ugonjwa ukapungua mno. Baada ya miaka mitatu, watoto waliozaliwa baada ya kampeni na kukosa kinga walikuwa wametosha. Mkurupuko uliozuka Nairobi mwaka wa 2005 katika mtaa wa Eastleigh ulisambaa hadi sehemu nyingine za nchi na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Watoto waliougua walikabiliwa na nimonia, kuharisha na hata hatari ya upofu. Kote duniani, WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba surua iliwaua watu 107,500 mwaka wa 2023, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Yaliyotokea 2021

Kusitasita kulionekana waziwazi wakati wa janga la Covid-19. Kenya ilipokea shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni moja, mapema mwezi wa Machi 2021 kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX. Utoaji ulianza rasmi Machi 5 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, walimu na maafisa wa usalama, na baadaye mwezi huo wakaongezwa watu wa umri wa miaka 58 na zaidi.

Nakuru wakati huo ilikuwa katika hali ngumu. Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano zilizokuwa zimelemewa na maambukizi, nazo ni Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia au kutoka katika eneo hilo, na kafyu ilianza saa mbili usiku. Vizuizi viliondolewa mwanzoni mwa Mei. Kwa hivyo, mwanzoni hofu ya ugonjwa ilikuwa msukumo mkubwa wa kuchanjwa. Hofu ilipotulia, msukumo nao ukalegea.

Lakini serikali nayo ilichangia. Waliochanjwa kwanza waliambiwa warudi baada ya wiki nane. Kabla wiki hizo hazijatimia, India, ambako chanjo hizo zilikuwa zikitengenezwa, ilisimamisha kuziuza nje ili kuwahudumia raia wake waliokuwa wakifa kwa maelfu. Kenya ikajikuta haina akiba ya kutosha, na muda wa kungoja ukasogezwa hadi wiki 12. Mwezi wa Mei shehena ndogo ikaletwa kutoka Sudan Kusini. Denmark na Uingereza zikafuata kwa misaada.

Mwananchi wa kawaida aliyatazama haya akakata shauri kwamba madaktari wanabahatisha. Ikiwa wiki nane ndizo zilizofaa, mbona sasa 12? Hakuwa na njia ya kujua kwamba matokeo ya utafiti yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mnamo Februari 2021 yalionyesha kinga ya AstraZeneca ilikuwa bora zaidi dozi ya pili ilipocheleweshwa kwa wiki 12, kuliko ilipotolewa kabla ya wiki sita kupita. Uhaba ndio uliolazimisha mabadiliko hayo, lakini sayansi haikuyapinga. Mambo haya mawili yangeelezwa pamoja na kwa uwazi, pengine mashaka mengi yangezimika. Badala yake ilitajwa tarehe mpya tu.

Kisha kulikuwa na suala la damu kuganda. Mnamo Machi 2021, nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha AstraZeneca kwa muda baada ya watu wachache kupatwa na damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida. Denmark iliachana nayo kabisa mwezi wa Aprili. Miezi miwili baadaye, nchi hiyo ikaipa Kenya zaidi ya dozi 350,000 za chanjo iyo hiyo. Haihitaji mtu kuwa mpiga porojo ili aulize, mbona tunapewa kile ambacho wenyewe wamekikataa?

Swali hilo lilikuwa halali na lilistahili jibu kamili. Denmark wakati huo ilikuwa na maambukizi machache na ilikuwa na chanjo nyinginezo za kutosha. Kwayo, hata hatari ndogo mno haikuwa na sababu ya kuvumiliwa. Kenya haikuwa na chanjo nyingine wakati huo, na wagonjwa wake walikuwa wakihangaika kutafuta oksijeni. Hatari ya kuganda damu ilikadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya makumi ya maelfu ya waliochanjwa. Kwa mzee wa miaka 60 wa Nakuru, hatari ya kufa kwa Covid-19 ilikuwa kubwa zaidi kwa mbali.

Kuna jambo jingine ambalo lingewapa moyo waliosita, nalo halikutangazwa vya kutosha. Takwimu za Uingereza zilionyesha kwamba tatizo hilo la damu lilikuwa nadra zaidi baada ya dozi ya pili kuliko baada ya ya kwanza. Kwa maneno mengine, aliyekuwa amepita salama mara ya kwanza alikuwa na sababu ndogo zaidi ya kuiogopa ya pili.

Hali kadhalika homa. Wengi waliochanjwa Machi 2021 waliumwa kichwa, wakatetemeka na kulala kitandani siku nzima. Kisha wakasoma katika mitandao ya kijamii kwamba dozi ya pili humwangusha mtu vibaya zaidi. Habari hizo zilikuwa za kweli, lakini zilitoka Marekani, ambako watu walidungwa chanjo za Pfizer na Moderna. Kwa AstraZeneca mambo yalikuwa kinyume, kwani sindano ya pili kwa kawaida ilisumbua kidogo kuliko ya kwanza. Mtu wa Lanet au Free Area alikuwa anaogopa madhara ya chanjo ambayo hakudungwa.

Gharama ya kutokamilisha ilikuwa bayana. Aina ya virusi iliyoitwa Delta ilipoenea katikati ya 2021, utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba dozi moja ya AstraZeneca ilipunguza uwezekano wa kuugua kwa takriban asilimia 30 tu. Dozi mbili zilifikisha asilimia 67. Kwa upande wa kulazwa hospitalini, dozi moja ilikinga kwa asilimia 71 na mbili kwa asilimia 92. Aliyeridhika na sindano moja alidhani amejifunika blanketi, kumbe amejifunika leso.

Serikali ilipoona mambo yanakwenda pole, ilishika kiboko. Mnamo Novemba 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba ambao hawajachanjwa wangenyimwa huduma za serikali kuanzia Desemba 21. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo. Vitisho vilivyotolewa kisha vikazimwa viliwaachia wenye shaka dhana kwamba palikuwa na jambo linalofichwa. Kufikia mwisho wa 2022, Kenya ilikuwa mbali na lengo lake la kuwachanja watu wazima wote milioni 27.

Shule zilipofungwa

Chanjo dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa uzazi, ilizinduliwa na Rais Kenyatta mjini Mombasa mnamo Oktoba 2019. Saratani hiyo huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini kila mwaka, wengi wao wakiwa kina mama ambao bado wanalea. Ratiba ilikuwa dozi mbili, zikipishana kwa miezi sita.

Hebu tupige hesabu. Msichana aliyechanjwa Oktoba au Novemba 2019 alitarajiwa kurudi Aprili au Mei 2020. Lakini mwezi wa Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya Covid-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Wasichana walitawanyika. Wengine walipelekwa kwa nyanya zao mashambani, wengine walihama na wazazi waliopoteza kazi. Mzazi naye alikuwa anaikwepa hospitali akiiona kuwa ndilo chimbuko la maambukizi. Hapa hatuwezi kusema kwamba watu walikataa dozi ya pili, kwani mlango ulifungwa na baadaye hakuna aliyewafuata na kuwaambia kwamba umefunguliwa.

Juu ya hayo, chama cha madaktari Wakatoliki nchini kilikuwa kimeipinga hadharani chanjo hiyo, na baadaye kikaipinga ile ya Covid-19. Kuhusu hii ya pili, maaskofu wa Kanisa hilo waliikubali na kujitenga na msimamo wa chama hicho. Muumini wa kawaida alibaki katikati, asijue amfuate daktari anayesali naye au askofu anayemwongoza.

Kisha likaja jambo lililowachanganya wengi. Duniani, chanjo ya HPV ilianza mwaka wa 2006 kwa dozi tatu. Mwaka wa 2014, WHO lilipunguza hadi mbili kwa wasichana wa chini ya miaka 15. Desemba 2022 likasema hata dozi moja yatosha kwa wasichana wengi. Kenya nayo ikaelekea kwenye ratiba ya sindano moja mwaka wa 2025. Wapo waliosema, mnaona? Tulijua kwamba ile ya pili haikuwa na haja.

Uamuzi huo una mizizi yake papa hapa nchini. Utafiti uliojulikana kama KEN SHE, ulioshirikisha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), uliwafuatilia wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 huko Thika, Nairobi na Kisumu. Matokeo yaliyotolewa 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za virusi vinavyosababisha visa vingi vya saratani hiyo. Kabla ya mabinti hao wa Kenya kujitolea na kupimwa, hakuna aliyekuwa na haki ya kusema dozi moja yatosha. Kubadili msimamo baada ya kupata ushahidi si ulaghai. Ulaghai ungekuwa kuendelea kudai sindano mbili huku ushahidi ukisema moja.

Hata hivyo, mzazi asichukue hukumu ya chanjo moja na kuibandika kwenye nyingine. HPV imepungua hadi moja kwa sababu miili ya wasichana huitikia kwa nguvu za ajabu. Surua itabaki mbili kwa sababu tuliyokwisha kueleza. Nao wasichana wanaoishi na virusi vya Ukimwi wangali wanahitaji zaidi ya dozi moja ya HPV, kwa kuwa kinga yao imedhoofika.

Kovu la 2014

Ipo sababu nyingine ya watu kuitilia shaka sindano inayorudiwa, nayo ina kumbukumbu ndefu. Kati ya 2013 na 2014, serikali iliendesha kampeni ya awamu tatu ya kuwachanja wanawake wa umri wa kuzaa dhidi ya pepopunda. Maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo hiyo ilikuwa imetiwa homoni ya kuwafanya wanawake wasizae. Mojawapo ya hoja zao ilihusu marudio. Walihoji ni kwa nini wanawake wadungwe tena na tena.

WHO na UNICEF yalikanusha madai hayo. Kuhusu marudio, jibu lilikuwa la kawaida. Chanjo ya pepopunda haijawahi kuwa ya sindano moja popote duniani. Mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni huhitaji dozi tano zilizopangwa kwa vipindi ili akingwe kwa miaka yote ya kuzaa. Lengo lilikuwa kuwaokoa watoto wanaokufa siku chache baada ya kuzaliwa kwa sababu kitovu kilikatwa kwa wembe mchafu. Miaka michache baadaye, Kenya ilithibitishwa kuwa imeangamiza pepopunda ya kina mama na watoto wachanga kama tishio kwa umma. Lakini porojo ya utasa haikuzikwa. Ilifufuliwa kwa HPV, ikafufuliwa tena kwa Covid-19, na kila mara shabaha yake ilikuwa sindano inayofuata.

Vikwazo visivyo vya imani

Tukiishia kwenye porojo, tutakuwa tumewaonea wananchi. Wengi hawakamilishi chanjo kwa sababu za kawaida mno.

Chukua mfano wa mama anayefanya kibarua. Mtoto wake alipokuwa mchanga alimpeleka kliniki karibu kila mwezi. Baada ya sindano ya miezi tisa, aliona kazi imekwisha. Amerudi kazini, mtoto analelewa na yaya au amepelekwa kwa nyanya. Miezi tisa mingine inapita bila miadi ya chanjo, na miezi 18 inafika kimyakimya. Hata akikumbuka, kliniki hufunguliwa siku za kazi na kufungwa kabla yeye hajatoka. Kukosa siku moja shambani au kiwandani ni kukosa mshahara wa siku hiyo. Kwa mkazi wa Section 58 anayetegemea hospitali kuu ya Nakuru, ambayo wengi wangali wanaiita PGH, kuna nauli ya kuvuka mji mzima kwenda na kurudi.

Akifika, huenda akarudishwa. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa poda katika chupa ambayo kwa kawaida hutosha watoto 10. Ikishachanganywa na maji yake, lazima itumike kabla ya saa sita kupita, la sivyo imwagwe. Muuguzi anayemwona mtoto mmoja tu asubuhi hiyo huogopa kupoteza dozi tisa, hivyo humwambia mama arudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Kwa muuguzi huo ni uangalifu. Kwa mama ni siku iliyopotea, na huenda asirudi tena. Mwongozo wa WHO ni kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, maana dozi tisa zilizomwagwa hugharimu kidogo kuliko mkurupuko mmoja wa surua.

Wakati mwingine chanjo yenyewe haipo. Katikati ya mwaka wa 2025, vituo vingi nchini vilikumbwa na uhaba wa chanjo za kifua kikuu na polio. Kila mzazi anayegeuzwa mlangoni hujifunza somo baya, kwamba kurudi ni kujisumbua bure.

Kuna na aibu. Mama aliyechelewa kwa miezi minne, au aliyepoteza kitabu cha kliniki, huogopa kukaripiwa mbele ya wenzake. Huamua kukaa nyumbani. Kwa namna hii, kuchelewa kidogo hugeuka kuwa kukosa kabisa.

La kufanya

Jambo la kwanza analopaswa kujua msomaji ni hili: kuchelewa hakufuti dozi ya kwanza. Kwa chanjo ya surua, HPV au pepopunda, mtu haanzi upya. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyekosa dozi ya miezi 18 anaweza kupewa akipelekwa. Kitabu kikipotea, kituo kina daftari la kumbukumbu, na hata likikosekana, dozi ya ziada ya surua haimdhuru mtoto. Ndiyo maana wakati wa kampeni za kitaifa, kama ile ya surua, rubela na homa ya matumbo ya Julai 2025, hata watoto waliokwisha kuchanjwa huitwa.

Jambo la pili ni la wahudumu. Dozi ya pili inapaswa kuanza kuzungumzwa siku ile ile ya dozi ya kwanza, na si kwa kutaja tarehe pekee. Mama aambiwe kwamba mwanawe huenda ni mmoja wa wale 15. Aambiwe atarajie homa ya siku moja au mbili na namna ya kuituliza. Mtu aliyeonywa kuhusu homa huiona kama ishara ya kazi, lakini asiyeonywa huiona kama sumu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwatuma vijijini na mitaani Septemba 2023, wanajua nyumba zenye watoto. Kliniki ya Jumamosi au ya jioni ingewafaa wafanyakazi wa Naivasha kuliko mabango 100 ya kuwahimiza.

La tatu ni la wakuu. Ratiba ikibadilika, sababu itolewe siku hiyo hiyo, hata kama sababu yenyewe ni kwamba chanjo zimeisha. Wananchi husamehe uhaba kuliko wanavyosamehe kufichwa. Vivyo hivyo swali la mzazi lisipokewe kama uasi. Aliyeuliza kwa nini Denmark imekataa alikuwa anataka kuelewa, na aliyeelewa ni rahisi kurudi.

Mwisho wa yote, uamuzi hubaki mikononi mwa mzazi. Kitabu cha kliniki kimo sandukuni au chini ya godoro. Kitoe leo, utazame ukurasa wa chanjo, na uone kama nafasi ya miezi 18 imejazwa. Ikiwa iko tupu, mtoto huyo hajakamilisha, na surua haitamuuliza mamake sababu.